Ukoo wa Mama, Kaburi la Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Februari 2019
Maabara: suti nyeupe, glavu mbili mbili, keekee ya kutobolea. Meno mawili leo, yote ya kaburi la kumi na nne: mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, na mtoto wa kike aliyelazwa kifuani kwake. Walombardi, watu wa Kijerumani walioingia Italia karibu miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Tunatafuta ukoo wao wa upande wa mama, kwa DNA ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Jino la mtoto nimelitoboa nikiwa nimebana pumzi. Foleni kutoka Dallas hadi Arlington ilinitia wazimu. Nuru, binti wa marehemu dada yangu Rehema ninayemlea, nimemkuta amebaki peke yake shuleni. Amenuna.

Jumatano, 13 Februari
Majibu yametoka. Ukoo mmoja, herufi kwa herufi. Profesa ameshaandika "mama na mwanawe". Nikamwambia DNA hii haimtofautishi mama na mama mdogo. Akanitazama kama mtu aliyeharibiwa sherehe. Tutapima pia DNA inayotoka kwa wazazi wote wawili.

Nyumbani, barua ya mwanasheria. Baba yake Nuru, aliyeko Houston, anamtaka mtoto. Miaka miwili tangu Rehema afariki, amekuja kumwona mara tatu. Mara tatu!

Jumatatu, 11 Machi
Mwanasheria wangu, Mkenya, kanipigia kazini. Upande wa pili wamezipata fomu za shule. Penye uhusiano na mtoto niliandika "mama". Kila mwaka.

"Sasa dada, mbona ulisign hivyo? Judge ata-think ulidanganya."

Sikudanganya. Kwetu Tanga mtoto wa dada yangu ni mwanangu, wala hakuna anayeuliza. Ningeandika nini, "jirani"? Mjinga mimi. Nimejaza fomu ya Texas kwa akili ya Tanga.

Ijumaa, 22 Machi
Kaburi la kumi na nne: si mama yake. Huenda ni dada wa mama yake, au dada wa mtoto mwenyewe kwa baba mwingine. Nilikuwa sahihi na sikufurahi hata kidogo. Profesa kafuta kichwa chake cha habari, kimya kimya. Waliowazika pamoja hawakumdai yule mwanamke karatasi yoyote.

Alhamisi, 4 Aprili
Mahakamani. Dakika arobaini tu. Jaji alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Amesema sheria humtanguliza mzazi, na fomu zangu zimemfanya asijue aniamini kwa lipi. Mtoto kapewa baba.

Namchukia yule mwanamume. Nimeandika, na sifuti.

Jumapili, 14 Aprili
Tumekutana kituo cha mafuta, katikati ya njia ya Houston. Baba yake kabeba begi. Kasema asante sana dada, kwa adabu. Nimempa maelezo ya dawa ya pumu ya Nuru, akayakunja bila kuyasoma.

Nuru alikuwa ameshafungwa mkanda. Kashusha kioo.

"You're picking me up Friday, right?"

Nikasema ndiyo, nitakuja kumchukua Ijumaa.

Mahakama imenipa Ijumaa moja kwa mwezi. Ya kwanza ni Mei.