Mnara Uliotupa Kisogo

Kambini, milimani juu ya Mazinde,
Lushoto.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Napiga makofi ya salamu kama tunavyopiga kwetu Kasulu, na nimeyapiga kweli, mpaka Oliva ninayekaa naye chumba kimoja ameinua kichwa kuniuliza nina nini. Macho yanaendeleaje? Na lile goti la kushoto, limetulia au bado linakuambia mvua inakuja? Mimi ni mzima, baridi ya huku tu ndiyo inayonionea. Nawe wifi unayemsomea mama barua hii, nakusalimu sana, na nakuomba usome yote kama yalivyo. Usiruke mahali kwa kuogopa kwamba patamkasirisha Mjomba. Hapo hasa ndipo usome polepole.

Mama, Baba Sofia, kibarua mwenzetu aliyekuja huko likizo, amenifikishia ujumbe wako. Amesema watu wenye kofia ngumu wamekuja kupima kile kilima ambacho marehemu baba alipanda kahawa, kwamba wanataka kusimamisha mnara wa simu, na kwamba Mjomba ameshakubali kwa niaba yako, kilichobaki ni dole gumba lako tu. Unaniuliza nasemaje, kwa kuwa sisi huku mnara tunao. Jibu langu ni kwamba dole lako likae ndani ya kanga mpaka barua hii iishe kusomwa. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya Mjomba, na yeye husikia kwanza mwenyewe, halafu anakupa wewe masalio. Nampenda Mjomba, lakini namjua.

Sasa nikueleze mambo tangu mwanzo. Unajua nilihama kule kwenye chai ya Mponde nikaja huku kwenye mashamba ya mboga. Tunalima karoti na kabichi, tunaosha karoti mtoni, tunazijaza kwenye viroba, malori yanazichukua. Kijiji cha wenyeji kiko upande wa mbele wa mlima, wa soko na barabara. Kambi yetu sisi vibarua iko nyuma. Tulipofika, mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya mwamba ulio njia panda, na kila mtu alipiga simu zake hapo, wengine wakingoja zamu. Ndiyo maana najua ugomvi wa kila ndoa ya mlima huu. Ukitaka siri, usipande pale.

Halafu walikuja watu wa mnara. Alikuja binti mmoja mhandisi, jina lake Rehema, mtu wa pwani, na vijana wake wa kupanda minara. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, akajifunza hata kusema "onga mshi" kama Wasambaa wenyewe wanavyosalimiana mchana. Mimi nilimshuku zaidi kwa hizo adabu. Kwenye mkutano alieleza kwamba kampuni yake haiuzi vocha wala bando. Wao wanatengeneza mitambo, wanaifunga na kuitunza, na wanaowalipa ni zile kampuni za simu tunazozijua. Nikainuka nikamuuliza kama ni hivyo, mteja wake ni nani. Akajibu bila kuficha kwamba mteja wake ni kampuni ya simu. Nikamuuliza, na sisi je?

"Ninyi ni jamii," akasema. "Tunaihudumia jamii."

Mama, mimi mgeni aliyevaa koti lenye nembo akitaja jamii, nashika mkoba wangu. Mteja ana pa kulalamikia. Mwenye mali ana mali yake. Jamii inapewa nini? Tulipewa tangi la maji na taa za jua kwenye zahanati, kabla hata shimo la mnara halijachimbwa. Nesi alifurahi, na ana haki ya kufurahi, alikuwa akizalisha watu kwa tochi. Lakini mimi nilijiuliza mbona zawadi imetangulia. Mtu akikuletea sukari kabla hajasema shida yake, shida hiyo si ndogo.

Gari halifiki kule kileleni. Kwa hiyo Mzee Singano, mwenyekiti wa kitongoji, alipigisha baragumu la msaragambo. Huku hiyo ndiyo kazi ya wote: likilia, kila nyumba inatoa mtu, awe mwenyeji au kibarua, na asiyetokea anajulikana. Tulifyeka njia, tukakata ngazi kwenye udongo, tukabeba vyuma mabegani na masanduku vichwani. Wasambaa wanapanda milima hiyo huku wanapiga soga, mimi nilikuwa nahema mpaka nikaona aibu. Mnara ukasimama. Kitu cha kwanza kufungwa huko juu kilikuwa dishi la mviringo, jeupe, kubwa kuliko ungo wa kupepetea.

Sasa pale mtoni tunapooshea karoti, kilele unakiona chote. Siku moja nimeinama na karoti zangu, nikainua kichwa, nikaona lile dishi limetazama wapi. Lilikuwa limetazama Mazinde, kule chini tambarare, kwenye barabara kuu ya mabasi. Kijiji kililiona ubavu, sisi wa kambini tuliliona kisogo. Damu ikanichemka. Nikawaambia wenzangu kwamba tumebebeshwa vyuma ili abiria wa mabasi waongee na simu zao, na sisi tumeachiwa tangi. Oliva akaongeza chumvi yake, wenye malori wakasikia, na jua lilipozama kila mtu sokoni alikuwa na mnara mdomoni. Baragumu lililofuata lililia, na hakuna aliyetoka. Masanduku yaliyobaki yakakaa kando ya barabara chini ya turubai, yakinyeshewa.

Rehema akaja mwenyewe mtoni kunitafuta, kwa kuwa aliambiwa maneno yalianzia kwangu. Hakugomba. Alivua viatu akaingia kwenye maji, akaanza kuosha karoti pamoja nasi, vibaya kweli, huku akieleza. Alisema dishi lile halisemi na mtu yeyote. Linasema na mnara mwingine ulioko chini, nao ndio unaozipokea sauti zetu zote na kuzipeleka mbele. Vile vitu vinavyowatazama watu ni antena ndefu nyembamba, nazo zilikuwa ndani ya masanduku yale tuliyokataa kuyabeba.

Walinicheka, mama. Walinicheka mtoni, wakanicheka sokoni. Mzee Singano aliniita mbele za watu, akawageukia wanaume wenzake akasema, "Wagosi, huyu Muha wetu ametufanya tuogope ungo." Kila nilipopita mtu aliniuliza dishi limeamkaje. Baragumu likalia tena, tukayapandisha masanduku, na mimi nilibeba la kwangu kimya kimya. Na hapa ndipo pa kusikiliza, mama. Kicheko kile kilinifunga mdomo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshuku kitu kisicho na kosa, niliona haya kuuliza tena, na wengine nao waliogopa kuchekwa kama mimi. Vijana walipanda na zile antena ndefu, wakazifunga, wakashuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza zimeelekezwa wapi.

Siku ya kuwasha palikuwa na pilau. Mzee Singano alimpigia binti yake aliyeolewa Korogwe akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonyesha na sura, machozi yakamtoka, na mimi pia yalinitoka kwa kuwa nilikufikiria wewe. Nilisema moyoni, leo nitaongea na mama nikiwa nimelala kitandani kwangu. Nikakimbia kambini. Nikashika simu hivi, nikaishika vile, nikasimama juu ya ndoo. Hamna kitu. Oliva alizunguka vibanda vyote, hamna kitu. Sokoni upo, zahanati upo, barabarani upo mpaka chini kabisa. Kwetu nyuma ya mlima, mtandao ulikuwa umekufa kama zamani.

Kesho yake nilimshika Rehema mkono, nikamleta kambini, nikamwambia atoe simu yake ya gharama. Akaitazama. Akatembea mpaka choo cha mwisho, akarudi.

"Antena hazijaelekezwa huku," akasema.

"Kwa nini?"

"Ramani tunaletewa na mteja. Kwenye ramani hii kambi haipo. Pameandikwa shamba."

"Na sisi tunaolala hapa?"

Akaitia simu mfukoni. Halafu akasema, "Wamewahesabu ninyi kuwa wapitaji."

Baba Sofia amelala hapa tangu Sofia hajazaliwa, na sasa Sofia anasoma sekondari. Nikamwambia Rehema apandishe kijana wake aigeuze moja, basi. Akasema kuigeuza kunawezekana, lakini hawezi kuigusa mpaka mteja aagize, maana mitambo ni ya mteja. Aliahidi kuandika. Nadhani aliandika kweli, sura yake haikuwa ya mtu mwongo. Lakini yeye amehamishiwa mnara mwingine, na huyo mteja sisi hatujawahi kumwona. Alisema nasi tunaweza kupiga simu ya huduma kwa wateja. Tukapanda mwambani, Oliva na mimi, tukapigiwa muziki mpaka mguu ukafa ganzi, halafu binti mmoja mwenye sauti ya asali akatuambia ameangalia, mnara wetu uko hewani, hauna tatizo lolote. Oliva akamwuliza yeye yuko wapi. Akasema Dar es Salaam.

Sitaki kukudanganya ili tu ukatae, mama. Mke wa kijana wa Mzee Singano alishikwa na uchungu vibaya, nesi akapiga simu akiwa palepale zahanati, gari likaja kutoka Lushoto, na mtoto yupo, nimembeba. Zamani angebebwa kwenye machela akiomba Mungu. Hilo ni la mnara, na siwezi kulinyang'anya. Lakini Oliva naye alishikwa na uchungu, huku kwetu nyuma. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, tukambeba tuvuke mlima kwenda zahanati, na mtoto akazaliwa njiani kwenye zile ngazi tulizokata kwa ajili ya mnara, chini ya mnara wenyewe. Wamepona wote wawili. Nilimfunika mtoto kwa kanga yangu, nikainua macho, nikaona zile antena zimetupa mgongo. Nilikasirika, mama, na mpaka leo nimekasirika.

Kwa hiyo narudi kwenye kilima cha baba. Habari za malipo Mjomba atakuambia, hizo hazisahau. Tangi watakupa, na wewe pokea, maji ni maji. Usiulize kama mnara ni mzuri, watasema ni mzuri. Na dishi la mviringo likitazama Kigoma au popote, liache, usije ukachekwa kama mimi. Wewe waombe wapande nawe mpaka juu, hata kama goti linauma, wifi akushike mkono. Ukifika, waambie wakuonyeshe kwa kidole, mbele ya watu, kila antena ndefu itatazama nyumba za nani. Wakimaliza, waulize nani amebaki nyuma. Wakikucheka, uliza tena.

Nami nakuuliza wewe, mama, na usinikasirikie. Nyuma ya kilima chetu, ng'ambo ya kijito, si kuna zile nyumba za watu waliokuja zamani kutulimia? Tangu nikiwa mdogo wanakaa pale, wamezika pale, na mpaka leo tunawaita wapitaji. Watoto wao nilicheza nao na sikuwahi kuuliza majina ya mama zao. Nina hakika kwenye ramani ya hao wapimaji pameandikwa shamba. Mjomba hatawataja, na wao wenyewe hawataitwa mkutanoni. Huku nilipo, mimi ndiye wao.

Basi kama wapimaji watakubali kusema mbele ya watu kwamba na nyumba zile zitatazamwa, weka dole gumba lako, na Mungu akibariki kilima. Wasipokubali, dole libaki ndani ya kanga, na kahawa ya baba iendelee kukaa pale. Mjomba akigomba, mwambie ni mimi niliyesema, nami niko mbali, makofi yake hayanifikii.

Nisalimie kaka, mwambie nimesikia ameacha pombe na nasubiri kuona. Nisalimie shangazi wa pale kanisani, na bibi mzaa baba kama bado anakataa kuitwa mzee. Mjomba mpe shikamoo yangu, ya heshima kabisa, baada ya barua kwisha kusomwa na si kabla. Wifi, Mungu akulipe kwa macho yako. Na mama, ukimaliza kusikiliza, kabla hujapanda kilima na wapimaji, vuka kijito uende kwenye zile nyumba, uwaamkie wenye nyumba, uwaulize wanaitwa nani. Nikija likizo nitataka kuyajua hayo majina.

Ni mimi mwanao wa nyuma ya mlima,
Anastazia.