Tiki Niliyoifuta

Zena wangu,

Salamu zitafuata, kwanza aibu. Ungekuwepo ungeniambia, "Niaje, kepteni?" Aki usiniite hivyo tena.

Unakumbuka siku wauguzi walipokuja darasani kutupima afya? Macho, uzito, kisha wakatugawia fomu na penseli. Unalala vizuri? Umewahi kuvuta bangi? Unakosa pumzi ukipanda ngazi? Darasa zima tulitia tiki kwenye Hapana, tukichunguliana kama kwenye mtihani wa hesabu. Wewe peke yako ulitia Ndiyo, kwenye hiyo ya pumzi.

Mimi ndiye niliyekusanya fomu, nikaiona tiki yako. Mwalimu alikuwa amesema wenye Ndiyo hawatacheza mpaka waonwe na daktari, na Ijumaa tulikuwa na mechi ya netiboli, mimi nikiwa kepteni. Bila wewe nani angefunga? Nikakuambia, "Wacha kujiletea shida, Zena." Ukacheka kidogo. Nikatoa raba yangu.

Tulishinda. Ghai, hata kuandika hivyo naona haya.

Na usidhani sikujua. Kila tukipanda kwenu Tassia, ghorofa ya tano, ulikuwa ukisimama ya tatu, umeshika ukuta. "Tangulia Akinyi, nafunga kamba za viatu." Viatu vyenyewe havikuwa na kamba! Nilikuwa nakucheka, nakuita nyanya.

Wiki tatu baada ya mechi ukaanguka hapo hapo, ghorofa ya tatu. Walisema ni moyo. Ukazikwa siku hiyo hiyo, na mimi nikaja kuambiwa kesho yake, paredi ya asubuhi shuleni.

Mama yako bado ananipikia chai ya tangawizi na kuniita mwanangu. Jana aliniuliza, "Akinyi, mbona hakumwambia mtu? Mimi ni mama wa aina gani, mtoto anaugua sioni?" Nikameza chai ikiwa moto vile vile ili nisijibu. Zena, ulisema. Ulisema kwa penseli, mimi nikafuta.

Fomu sikusanyi tena, nimeshamwambia mwalimu. Lakini hiyo ni rahisi. La mama yako ndilo linaninyima usingizi.

Kesho baada ya shule nitapanda ghorofa zote tano nimwambie. Akinifukuza, nitashuka. Akinilaani, ni haki yake. Ila hatajilaumu tena kwa kosa langu, naapa.

Kwaheri, Zena. Nitamwambia ulisema.

Akinyi