Ni Zamu ya Nani Kulala?

4 Juni

Dada mpendwa,
Shikamoo. Mama anaendeleaje? Na mgongo wako? Mimi ni mzima wa kuonekana tu. Msimamizi wa ghala la baridi amenipa likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu nije huku. Nakuja! Usiwatangazie ndugu. Nataka chumba cha nyuma tu: nilale, niamke, mama anishike kichwa aniombee, nilale tena. Huku nikianza sala nasinzia kabla ya amina, na nikifumba macho naona maboksi ya nyama iliyoganda. Nimekuwa betri kuukuu ya tochi: unaianika juani, inawaka kidogo, inazima. Labda jua la nyumbani litanifaa.
Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,
Marahaba. Barua yako imenichekesha nikiwa peke yangu jikoni hadi jirani akachungulia. Mungu amesikia! Ukiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Nakwenda kwa shangazi, nikalale mpaka nichoke kulala. Wiki mbili bila kuitwa!
Nilikuficha, usiumie: mama hatutambui tena. Usiku anazunguka akitafuta mlango. Mchana hataki kuoga, na ukimshika anang'ata. Ukimwimbia anatulia, ukinyamaza anaanza upya. Nawe ulikuwa mwimbaji hodari. Juzi nilimfokea, nikaenda kujifungia chooni. Njoo unipokee, baba.
Dada yako

2 Julai

Dada,
Shikamoo. Pole sana. Nitasema ukweli, ukasirike ukipenda. Kuimba siwezi. Wenzangu chumbani wakicheka, nageukia ukutani. Wiki iliyopita mpishi wa kantini aliniuliza, "Umekula, kaka?" Nikalia mbele ya foleni nzima. Sasa wananiita Bwana Kitunguu.
Nilikuwa nakuja kulelewa, dada, si kulea. Usiende kwa shangazi. Tukae wote, unishike mimi kwanza. Nikipata nguvu nitakushika na wewe.
Mdogo wako

15 Julai

Mdogo wangu,
Marahaba. Kitunguu! Hapo nilicheka, halafu nikakaa chini.
Basi usije. Sijakasirika, hata hasira inataka nguvu. Ila wagonjwa wawili siwawezi. Nikikuona umelala chumba cha nyuma nitakuonea wivu mpaka nikuchukie, na sitaki kukuchukia. Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Nimelirudisha juu ya kabati.
Dada yako

28 Julai

Dada yangu,
Shikamoo. Natumaini mama amelala leo, japo kidogo.
Likizo nimeirudisha. Msimamizi alinisimamisha mbele ya wenzangu: "Mwoneni mchapakazi!" Wakanipigia makofi, nami nikainama kuvaa glavu.
Tusiandikiane kwa sasa, dada. Barua yako ikifika nakaa nayo siku kadhaa bila kuifungua, nikiogopa itaniomba kitu. Najua yangu nayo inakufanyia hivyo hivyo. Hatujagombana, mtu asiseme tumegombana. Tumeishiwa tu.
Hii usiijibu. Muda ule wa kuniandikia, lala.
Mdogo wako