Nilipoulizwa Kama Nina Mtoto

Gongoni, Tabora
2 Mei 1955

Kwa dada yangu Eustadia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Bernardo, na kwamba mvua hizi za mwisho hazikuulaza mtama wenu. Mimi huku ni mzima wa mwili. Kichwa kimeniuma wiki nzima, sasa kimeacha. Mwanangu Nyamizi hajambo? Kile kikohozi chake cha asubuhi kimeisha? Mlambishe asali kidogo kabla hajala, si baada.

Natoa shikamoo pia kwa mwalimu Lugembe, maana najua ndiye anayekusomea. Mwalimu, nakuomba usome yote, usiruke mstari. Ambrosi muuza asali, aliyeileta barua hii, nimemsomea mara mbili, naye ameahidi kukaa hapo hapo mpaka ufike kwenye jina langu. Ukiruka, atakohoa.

Dada, nianze mbali kidogo, hata kama mengine unayajua. Baba yake Nyamizi alipopanda treni ya Kigoma na asirudi, nilikuja Tabora kujitangaza kwamba nalea watoto. Nilifua kanga yangu moja nzuri, nikapita nyumba za makarani wa reli, za walimu, za wenye maduka, nikibisha hodi. Nilisimama nje ya kanisa baada ya misa ya pili. Nilisimama bombani, na mlangoni pa kliniki wanawake wakipanga foleni kupimisha watoto. Nilisema naitwa Josepha, nimesoma kwa masista, najua kuogesha, kulisha na kubembeleza, na mwenye shaka anipe mtoto wake asubuhi moja bure amwone atakavyorudi. Wee! Wanawake wa mjini wanachagua yaya kuliko wanavyochagua samaki. Mmoja alinikagua kucha. Mwingine alininusa mdomo kama navuta tumbaku. Mke wa karani mmoja alinifunga mtoto mgongoni akaniambia nitembee mpaka kona na kurudi, yeye nyuma yangu anaangalia kama kichwa cha mtoto kinaning'inia. Hakikuning'inia hata kidogo. Akanipenda, tukakubaliana, mpaka akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye mmoja, yuko Puge kwa dada yangu. Akamfungua mwanawe mgongoni mwangu pale pale. Alisema siku wangu akiugua nitamwacha wake sakafuni nikimbilie lori. Nyumba nne ziliniambia maneno hayo hayo.

Nilirudi Puge nalia, unakumbuka. Ulinichomea viazi, ukaniambia nisiwe mjinga. Ukasema mjini niseme sina mume wala mtoto, roho yangu yote iko kwa mtoto wa atakayenipa kazi. Nyamizi utamtunza wewe, na neno la mdomoni halimwondolei mtu uzazi wake. Yalikuwa maneno yako hayo, dada, na ulinifuta machozi kwa ncha ya kanga yako. Nilikuamini kama nilivyomwamini marehemu mama.

Nayo yakafanya kazi. Bi Batuli, mke wa fundi Twalibu mshona nguo, alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, na alinichukua baada ya asubuhi moja tu. Ni watu wa zamani hapa mjini. Babu yake Bi Batuli alikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani, na mpaka leo mgeni hapewi kahawa kabla hajaulizwa yeye ni wa nani na ana nani. Nilipoulizwa nilijibu kwamba mimi ni wa Puge na sina mtu nyuma yangu. Wale mapacha wamekulia mgongoni mwangu. Wanawake wa Gongoni wakaanza kuniulizia, nami kila nikiulizwa bombani nilirudia yale yale, sina mume, sina mtoto, mpaka yakawa mepesi mdomoni kama salamu.

Kabla ya Kwaresima ukaniagiza bafta nyeupe. Ulisema Nyamizi amekua, nguo zote zimembana. Niliitafuta iliyo bora, nikaituma. Kumbe!

Wiki mbili baadaye mkatokea hapa barazani kwa fundi Twalibu, wewe, mwalimu Lugembe na mwanangu. Nilifurahi nusura nipige vigelegele. Mlikuja na bafta ile ile, mkasema mnataka ishonwe na fundi wa mjini. Twalibu akampima mtoto. Nyamizi akakuita mayu, yaani mama kwa lugha yetu. Nikasema moyoni haidhuru, wewe ndiye unayemlisha. Kisha ukamgusa begani, naye akanipigia goti dogo, akanisalimu shikamoo mama mdogo. Mama mdogo, dada! Nikaitikia marahaba. Nilidhani unanisitiri, kwamba umemfundisha hivyo ili kazi yangu isiharibike, na nilikushukuru moyoni, mpumbavu mimi. Ndipo mwalimu Lugembe akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, kama mimi Josepha nina mtoto. Nikadhani naye yumo katika siri yetu. Kulwa alikuwa mgongoni, Doto mkononi. Nikajibu kwamba sina.

Juma lililopita Ambrosi alikuja na madumu yake ya asali, akanipongeza kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nikamuuliza mtoto yupi. Akanieleza yote bila kujua ananichoma. Alisema siku ya Pasaka gauni jeupe lilipendeza, kwamba Nyamizi sasa anaitwa Flavia, na kwamba padre, ambaye ni mgeni na hamjui mtu, alisoma mbele ya watu jina la baba kuwa Bernardo na la mama kuwa Eustadia. Bibi wawili watatu walinong'ona. Mwalimu Lugembe akasimama akasema amemuuliza Josepha mwenyewe, na Josepha kwa kinywa chake amesema hana mtoto. Wakanyamaza.

Dada, kweli? Tumelala ngozi moja mimi na wewe. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ulinipa maneno kwa mkono mmoja, ukaja kuyachukua kwa mwingine, na shahidi ukaja naye, na nguo ya kunivulia uzazi wangu nikainunua mimi. Miaka kumi na moja bila mtoto, unadhani sikuyaona machozi yako? Nilikuachia Nyamizi nikijua utampenda. Ungeniambia unataka tumlee pamoja, akuite mayu nami mama, ningekubali siku hiyo hiyo. Hukuniomba. Na wewe mwalimu, unayewafundisha watoto wetu amri ya nane, usiseme uongo, sijui utaifundishaje sasa. Usiruke hapo.

Lakini lipo jambo ambalo hata Ambrosi nilimficha nilipomsimulia mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba nilipoulizwa, Bi Batuli alikuwa amesimama mlangoni, kwa hiyo ningekosa kazi. Si kweli. Bi Batuli alikuwa uani, nikisikia kinu chake kinatwanga kahawa. Fundi alikuwa amekwenda kuswali alasiri. Tulikuwa sisi tu, watu wa Puge, na wote mlikuwa mnajua. Hakuna aliyenishika koo. Ningeweza kusema ninaye, huyu hapa. Nilijibu nilivyozoea kujibu milangoni kwa watu, na Nyamizi alikuwa ananitazama. Hilo ni langu, dada, silitupi kwako.

Ijumaa nilimweleza Bi Batuli yote. Nilipomaliza akampokea Doto mikononi mwangu, akanizunguka, akamfungua Kulwa. Alisema kuwa na mtoto si kosa, yeye mwenyewe anao sita, na angenikubalia nije na wangu. Ila mtu aliyemkana wa tumbo lake hali anamwona, siku akiulizwa juu ya hawa wa kwake atasema nini? Alinifungia mchele wa njiani, maana si mtu mbaya, na watoto walilia mpaka nikapotea kwenye kona.

Basi kazi sina, nalala kwa jirani mmoja hapa hapa Gongoni. Nakuja Jumamosi kwa lori la Nzega. Jumapili baada ya misa, mwalimu Lugembe, nakuomba uniulize tena swali lile lile, mbele ya padre na wale bibi walionong'ona, kwa sauti ile ile. Safari hii sitajibu kwa mazoea.

Dada, kama umempakata sasa unaposomewa, usimshushe. Mwalimu, yanayofuata ni yake, yasome polepole. Nyamizi, yule uliyempigia goti barazani kwa fundi, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ndiye mama yako. Siku ile mikono yangu ilikuwa imejaa watoto wa watu, sikukuinua. Jumamosi itakuwa mitupu.

Nisalimie shemeji Bernardo, na mama mkwe wako, na jirani wote wa upande wa kisimani. Ambrosi mpeni maji ya kunywa, ametoka mbali. Mungu awalinde mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako,
Josepha, mama yake Nyamizi