Majivu ya Mama na Shamba la Chini

Kampi ya kahawa, Ruiru

Ndugu yangu mpendwa Yohana,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, aliyekuamsha wewe huko na mimi huku. U mzima? Kifua chako kimeachilia, au bado unakohoa asubuhi? Na watoto, na mkeo Dorika aliyemuuguza mama yetu mpaka mwisho, wana nguvu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujakaa sawa tangu nipate barua yako.

Umeniandikia kwamba jirani yetu Zakayo yuko tayari kutupa ng'ombe mtamba, naye achukue shamba la chini alilotuachia mama, achimbe udongo wa kuchomea matofali. Unasema, "Shamba lile limekufa, na lilimmaliza mama kwa huzuni." Yohana, sikulaumu. Kama ningekuwa mimi niliyemwona akipalilia mahindi ya manjano mwaka baada ya mwaka, ningesema hayo hayo. Lakini shamba likishakuwa shimo la matofali, halirudi tena. Tafadhali usimpe Zakayo neno kabla hujaisoma hii mpaka mwisho.

Hapa kahawa ya upande wa mto ilianza kugeuka manjano vile vile kama mahindi yetu. Msimamizi akazidi kutumwagisha ile mbolea nyeupe ya chumvi, na majani yakazidi kufifia. Ndipo akaitwa bwana shamba kutoka Thika. Akachimba, akatia udongo kidogo katika kichupa chenye maji ya dawa, akatikisa, maji yakabadilika rangi. Akasema udongo umekuwa mchachu kama maziwa yaliyolala, na kwamba mizizi haiwezi kula humo hata uitilie mbolea namna gani. Tena ile chumvi yenyewe ndiyo ilizidisha uchachu.

Basi likaja lori la chokaa. Tuliimwaga chini ya miti, tukailima iingie ndani. Jioni tulikuwa weupe toka nywele mpaka nyayo. Yuko mama mmoja wa kutoka Gatuanyaga, Wambui, mstari wake na wangu ni jirani, na mdomo wake haufungwi. Akaniita mbele ya watu wote:

"Haiya! Kefa amekuwa Mzungu! Bwana mkubwa, leo utatuongeza posho?"

Nikamjibu, "Wengine nitawaongeza. Wewe nitakukata, una kelele."

"Nikate tu," akasema, "lakini kwanza oga, mkeo asije akakukimbia!"

Tulicheka sana. Kicheko kikaniishia mvua ziliporudi, maana kahawa ile ilitoa majani mapya, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wenzangu walifurahi. Mimi nilisimama tu na jembe langu, nikalifikiria shamba la chini.

Bwana shamba aliporudi kutazama, nikavua kofia nikamwuliza, "Bwana, kwetu hakuna lori la chokaa. Maskini afanye nini?"

Akasema, "Mnapika kwa nini?"

"Kuni, Bwana."

"Basi majivu mnayatupa wapi?"

Ndugu yangu, majivu! Unalikumbuka lile lundo nyuma ya jiko, na maboga yaliyokuwa yakipanda mpaka juu ya paa? Kila asubuhi mama alifagia majivu akayabeba kule, na sisi tukithubutu kupita nayo shambani alitukemea: "Yasiguse mahindi yangu! Yatachoma mbegu!" Alilikinga shamba lake lisipate dawa yake. Na ni mama huyo huyo aliyechuja maji ya majivu akayatia katika mitoo ili uchungu wa mboga upungue. Mkono wake uliijua kazi hiyo chunguni. Hakuna aliyemwambia kwamba udongo nao hutulizwa vivyo hivyo.

Kinachoniuma si mahindi. Ni ile Jumapili uliyonieleza, aliposimama kanisani akasema, "Ndugu zangu, niombeeni. Mungu amenifungia shamba, na dhambi yenyewe siijui." Watu wakamwombea asamehewe, naye tangu siku hiyo akaacha kukaa benchi la mbele. Mimi nilipopata jibu nilidhani habari njema namna hii ni ya kupeleka kwa mdomo, nimwone uso wake akicheka. Nikangoja ruhusa ya kusafiri. Unajua mambo ya vipande vya kumtambulisha mtu na pasi za safari siku hizi. Ilipotoka, mlikuwa mmekwisha kumzika. Mikono yangu imeponya udongo wa mgeni, na wa mama yangu umebaki mgonjwa. Nasali, lakini sala zangu zinaishia hapo.

Sasa mwambie Dorika asitupe majivu tena. Myaweke mahali pakavu, maana mvua huyaondolea nguvu. Mvua kubwa ikikaribia, chagueni kipande kidogo tu cha shamba, mnyunyize mpaka ardhi ionekane ya kijivu, msirundike, mlime yazame. Ngojeni kidogo ndipo mpande maharagwe. Samadi itieni siku nyingine, isikutane na majivu. Shamba zima halitapona kwa msimu mmoja, lakini kipande kile kitatuonyesha. Maharagwe yakikataa, mpe Zakayo, nami sitakuuliza neno.

Yakikubali, peleka bakuli la kwanza kanisani. Simama pale pale aliposimama mama, uwaambie ni ya shamba lake, na kwamba hakukuwa na dhambi yoyote, udongo ulikuwa mchachu tu. Sauti ikikukatika, haidhuru, watangoja.

Nisalimie shangazi yetu aliyemsaidia mama kutulea baba alipofariki, na mzee wa kanisa aliyeongoza maziko. Mke wangu Rasoa mpelekee kitambaa atakachokuletea mchukuzi wa barua hii, umwambie nitamwandikia yake. Hata Zakayo msalimie, si mtu mbaya, anatafuta matofali tu.

Nijibu upesi, Yohana, uniambie umemjibu Zakayo nini.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Kefa