Jasusi Aliyelia Nyuma ya Ukuta

Kijijini Bweni, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nami mwili hauna raha.

Asubuhi tulikuwa kwa Bi Mwanaasha tukisuka ukili wa mikeka, wanawake sita, na yeye akitusimulia hadithi ya Jasusi Hamadi. Naijua tangu utotoni. Marehemu baba naye alikuwa akiisimulia, na Hamadi wake hakuwa na woga hata chembe: anaingia mji wa adui kama anayeingia jikoni kwake, anaiba siri za mfalme, anatoka anacheka.

Hamadi wa Bi Mwanaasha ni mtu mwingine kabisa. Alipofika langoni alirudi nyuma. Akajificha nyuma ya ukuta, akalia, akamwita mama yake. Kisha akajifuta kamasi kwa kilemba, akaingia.

"Shujaa gani huyo!" akasema jirani yangu, tukacheka. Bi Mwanaasha hakucheka.

"Kuingia bila woga hata mlevi anaweza, mwanangu."

Nilipigwa na butwaa. Ukili wangu ukaenda upande, nikafumua karibu pima nzima.

Acha niseme ukweli. Ami Salum, ndugu yake baba, anaangua nazi za minazi yangu saba tangu arubaini ya baba ipite. Baba alinipandia nilipozaliwa, na Bweni nzima inajua. Kesho wakwezi wake wanapanda tena, na akiachwa msimu huu, watu watazoea kuwa ni yake. Nimenyamaza miezi yote hii nikijiambia ni adabu.

Haikuwa adabu. Nilikuwa naogopa, nikingoja woga uishe ndipo niende.

Baada ya adhuhuri nimekwenda kwa Ami. Nimemkuta anafua nazi uani. Nilimpa shikamoo, machozi yakanitoka kabla sijasema neno. Aibu iliyoje! Nikasema hivyo hivyo, huku nalia, kwamba minazi ile ni yangu, na kesho nitakaa chini yake mpaka wakwezi wake waondoke.

Ami aliweka nazi chini. "Unalia nini, na hujapigwa?"

"Naogopa, Ami. Lakini nitakuja."

Akaiokota nazi yake, akaendelea kufua. Nimerudi nyumbani nikijistaajabia mwenyewe. Ya Rabi, kumbe mtu anaweza kulia na bado akasimama!

Alfajiri nakwenda minazini.