Bisibisi Sikioni

Isansa, Mbozi
Agosti 1951

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mwanao. Je, u hali gani? Magoti yanakupa nafuu, au baridi ya Ibaba bado inayasumbua? Mimi nipo, nasukuma siku, na mawazo yote yako huko nyumbani. Mdogo wangu Tabita anayekusomea asome polepole, asiruke neno.

Barua yako ilifika. Unasema wazazi wa mchumba wangu Leah kule Mbebe wamechoka kungoja, na kwamba nisipokuja mavuno ya kahawa yakiisha, watajua simtaki binti yao. Mama, namtaka. Hilo lishike kwanza.

Kazi yangu ni ileile ya kutunza injini inayoendesha mashine ya kumenya kahawa. Asubuhi naitia mafuta, nakaza mkanda, namwangalia gavana. Usishtuke, gavana wa huku si yule mkubwa wa Dar es Salaam. Ni kidude cha chuma kinachozuia injini isiende mbio kupita kiasi. Pistoni, vali, beringi, ndiyo maneno ninayoshinda nayo. Lugha yetu ya Kindali sijazungumza na mtu tangu Isaka, Mndali mwenzangu hapa kambini, arudi kwao. Jumapili nakaa peke yangu nyuma ya banda, nafua nguo ambazo zimekwisha takata.

Wenzangu kambini wananiita Bwana Mkubwa. Wanasema injini imenitia kiburi, napita watu bila kuitikia salamu. Siku hizi hawanisalimu tena. Upweke huu unaniuma, mama, kuliko nilivyowahi kukuandikia.

Fundi Lusubilo aliyenifundisha kazi alinionyesha namna ya kupima beringi, vile vyuma ambamo mhimili wa injini huzungukia. Unagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini unauweka sikioni. Beringi nzima hunguruma taratibu, mbovu hukwaruza. Nilifanya hivyo kila siku, nikasifiwa kwa sikio langu. Mwaka huu, mvua zilipokwisha, niliweka bisibisi nikadhani injini imezimika. Nilipoishika kwa mkono, ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa inakwenda.

Mama, sisikii. Injini naitambua kwa kiganja sasa, na mwenye shamba bado hajajua. Kanisani niliwahi kuendelea kuimba peke yangu watu wote wamekwisha kaa. Ndiyo sababu nimekuwa nikiahirisha safari. Mwambieni Leah kabla sijafika, asije akaolewa na mtu asiyemjua. Akinikataa, sitamlaumu. Lakini kahawa ikiisha nitakuja, anitake asinitake.

Nisalimieni wajomba, shangazi, na jirani yetu Timotheo.

Nitapiga hodi mlangoni kama ulivyonilea. Ukisema karibu, nami ukaniona bado nimesimama nje, usiniite mara ya pili. Toka unishike mkono.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Watson Mbonile